Mwone Mwenzio

Katika dhana ambazo tumezipokea bila ya kuzihoji, tukazirithisha kwa watoto wetu kana kwamba ni wasia wa wazee, sioni iliyoenea na kudhuru kwa siri kuliko hii isemayo kwamba mtu hapati bidii mpaka alinganishwe na mwenziwe. Mzazi aisomaye ripoti ya shule aghalabu huyaruka maneno ya mwalimu na alama za hesabu, akakimbilia nafasi, yaani wa ngapi kati ya wangapi. Na akiisha kuiona, hutamka lile neno tulilolelewa nalo sote: mwone mwenzio. Husemwa kwa mapenzi, hilo silikatai, lakini mapenzi hayakigeuzi kipimo kibovu kuwa mizani ya insafu.

Nakiita kibovu kwa sababu nafasi haitoi habari za yule aliyeishika, bali hutoa habari za wengine. Mtoto wa nne, wale watatu wa mbele wakihamia shule nyingine, huwa wa kwanza pasipo kujifunza hata herufi moja zaidi, na baba yake atachinja kuku kwa furaha ya elimu ambayo haikuongezeka. Naye aliye wa kwanza katika darasa dhaifu hulelewa katika ghururi mpaka akutane na mtihani wa taifa, ambao haukupata kusikia habari za usultani wake.

Watetezi wa dhana hii hupenda mno mfano wa mbio. Basi na tuutazame. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia iliyokuwa mikononi mwa Jim Ryun wa Marekani tangu mwaka 1967. Nyuma yake aliingia John Walker, mwenyeji wa nchi ile, kwa dakika 3 na sekunde 32.52, muda ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya Ryun. Ndiyo kusema kwamba katika mbio zote zilizopata kupimwa hakuwapo aliyemzidi ila yule mmoja aliyekuwa hatua chache mbele yake. Kwa hukumu ya nafasi, Walker alishindwa. Kwa hukumu ya saa, alifanya jambo ambalo siku moja kabla lingemfanya bingwa wa rekodi ya ulimwengu. Na Bayi mwenyewe, ilhali desturi ya wakimbiaji wa masafa yale ilikuwa kuviziana hadi mzunguko wa mwisho, alitangulia mapema akaenda kwa mwendo wake hadi mwisho, wala hakungoja kujua wenziwe wanakusudia nini.

Nakubali kwamba mgongo wa Bayi ulimvuta Walker. Lakini wale waliridhia kushindana, wakaanza mahali pamoja, na shughuli yao ikaisha kabla ya dakika nne kutimia. Mtoto aliyekuzwa kwa mwone mwenzio hapewi kikomo. Ripoti za shule zikikoma, huitafuta ripoti yake katika bati la jirani, katika harusi ya sahibu wake, na siku hizi katika picha za simu, ambamo watu huonyesha karamu na kulificha deni. Naye hukopa ili alingane, na akiisha kulingana humwona mwingine aliyepita mbele.

Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kuzitaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Wapo waliolalama kwamba bidii itakufa. Mimi naona lilichelewa, tena halikufika mbali, maana orodha iliyoondolewa magazetini imesalia katika madarasa mengi. Na mwalimu akiuliza aandike nini mahali pa nafasi, na aandike lile ambalo mtoto hakuliweza mwezi wa Januari na sasa analiweza. Na ikiwa halipo, aandike kuwa halipo, ili mzazi asipate pa kujificha nyuma ya watoto wa watu.