TAHARIRI: KITAKO CHA BUNDUKI YA USHIRIKA



Leo hatusemi habari ya mbolea wala madeni ya mbegu. Tunasema habari ya bunduki. Raifoli ya ushirika, ile tunayowindia nguruwe mwitu wanaomaliza mashamba yetu, imevunjika kitako. Imevunjika shingoni, pale mkono unaposhika nyuma ya kifyatulio, ambapo mti ni mwembamba. Na mahindi ndiyo hayo yanabeba.

Tusidanganyane. Bunduki haikuvunjika siku moja. Ufa ulionekana tangu palizi ya mwaka jana. Mlinzi alikuja kwangu akanionyesha, nami Katibu nikamwambia, "Funga mpira wa baiskeli, tutaona." Hilo ni kosa langu, nalikiri hapa ukutani mbele ya watu wote. Zile skrubu zinazoshikanisha chuma na mti zilikuwa zimelegea. Skrubu zikilegea, kila risasi ikilia chuma kinarudi nyuma na kuupiga mti, kama shoka linavyopasua kuni. Mwisho wake mti umepasuka na mlinzi kaumia shavu. Basi wale wanaosema ati alikuwa amelewa, waache. Mlinzi hana kosa.

Sasa tufanyeje? Kwenye mkutano yalisemwa mengi.

Wengine wanasema tutie gundi. Gundi hushika mti mkavu na safi. Kitako chetu kimekunywa mafuta ya bunduki miaka mingi, gundi itaachia. Tena itaachia siku ile nguruwe amesimama mbele yako.

Wengine wanasema tununue kipya mjini. Tumeuliza. Bei yake ni sawa na magunia manane ya mahindi. Ushirika hauna.

Wengine wanasema seremala wetu aichukue nyumbani aitengeneze kimya kimya. Hapana, ndugu zangu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuweka kazi ya kutengeneza bunduki mikononi mwa kila mtu. Ni kazi ya fundi mwenye leseni. Hatutaki seremala wetu afungwe kwa ajili ya kutusaidia.

Lakini njia ya bei nafuu ipo. Fundi wa bunduki wa mjini anasema mti tunaweza kuleta wenyewe, yeye akachonga ndani na kukalisha chuma. Kwa kazi hiyo anataka thamani ya magunia mawili tu. Na mti tunao! Fremu ya mlango wa ghala la zamani ni mninga, upana nchi 6, unene nchi 2. Urefu wa nchi 30 unatosha. Mninga ukishakauka haupindi ovyo, unachongeka vizuri, wala si mzito kama mpingo. Na ule umekauka tangu baba zetu.

Kwa hiyo mtu asiende porini kukata mninga mwingine. Haukatwi bila kibali, na mti mbichi ukikauka utapinda na kupasuka.

Seremala wetu atachagua kipande kisicho na fundo wala tundu la msumari. Aangalie nyuzi za mti zipite kwa urefu shingoni. Nyuzi zikikata shingo kwa mshazari, kitatuvunjikia tena. Akate umbo la nje tu, akiacha nyama ya kutosha. Vipande vya kitako cha zamani visitupwe jikoni, fundi atavitumia kama kipimo. Kikishakamilika kipakwe mafuta ya kitani, hata kwenye kisigino, mti usinywe maji ya mvua.

Mwenyekiti ataanzia polisi na leseni ya bunduki, ndipo aende kwa fundi. Mpaka hapo bunduki imefungiwa na haitoki, hata kwa mzee wa kuheshimiwa. Usiku tutalinda kwa zamu, kwa moto na madebe. Majina yamebandikwa hapa chini. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.

Mchango ni kisado kimoja cha mahindi kwa kila mwanachama. Kitaandikwa daftarini, na hesabu itasomwa mkutanoni mpaka senti ya mwisho. Asiyekuwa nacho aje alinde zamu mbili, huo nao ni mchango.

Kuanzia sasa kila mwisho wa mwezi mlinzi na Katibu watakagua skrubu pamoja, waandike tarehe na kutia sahihi. Mimi nimejifunza kuandika ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, lakini neno moja nililijua tangu utotoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nililijua, sikulifuata. Tusirudie.

Katibu