Safu ya Mwalimu: Ukungu wa Ukutani



Ndugu wasomaji, tungependa kuanza na swali tuliloulizwa mwezi uliopita mlangoni mwa ukumbi, viatu vikiwa bado mkononi. Mama mmoja anayekaa katika majengo ya Thorncliffe Park alitueleza kwamba mwanawe wa miaka minne hakohoi mchana akiwa skuli, walakini kila usiku kifua humbana. Nyuma ya kitanda cha mtoto huyo ukuta umeingia weusi. Alipokwenda kulalamika kwa wasimamizi wa jengo, aliambiwa kwamba kosa ni lake: anapika mno, na watu wa nyumba yake wanamwaga maji mengi bafuni. Akatuuliza, "Mwalimu, ni kweli kwamba udhu wetu ndio unaomuumiza mtoto?"

Swali hilo lilitushtua, kwa sababu maneno ya namna hiyo yalikwisha kusemwa kwingine, na mwisho wake tunaujua. Awaab Ishak alikuwa mtoto wa wazazi waliotoka Sudan, wakikaa katika nyumba ya kupanga mjini Rochdale, Uingereza. Baba yake alianza kulalamika kuhusu ukungu mwaka 2017, akashauriwa aupake rangi. Desemba 2020, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili, Awaab alifariki dunia. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kilichomuua ni maradhi ya pumzi yaliyotokana na kukaa muda mrefu ndani ya ukungu, katika nyumba isiyokuwa na njia ya kutosha ya kutolea hewa. Ikadhihirika kwamba hata namna ya kuoga ya familia ile ilikuwa imetajwa kuwa sababu. Wenye nyumba wakakiri kwamba walidhania tu mwenendo wa watu wale, na kwamba walikosea. Leo Uingereza ina sheria inayoitwa kwa jina la mtoto huyo, iliyoanza kutumika katika nyumba za umma za kupanga Oktoba 2025, nayo inawawekea wenye nyumba muda maalumu wa kushughulikia ukungu.

Basi tulimjibu mama yule kwamba mvuke wa jikoni na bafuni una sehemu yake, hatukatai, lakini nyumba hujengwa watu wapike na waoge ndani yake.

Tueleze mambo yanavyokwenda. Kila aliyekaa Mombasa au Unguja amewahi kuona chupa ya soda iliyotoka barafuni ikitokwa na jasho. Jasho lile halitoki ndani ya chupa. Ni unyevu wa hewa ya joto uliogusa kitu baridi ukageuka maji. Sasa chukueni majengo yetu marefu ya zege, ambayo mengi yalijengwa miaka ya 1960 na 1970. Sakafu ya zege ya chumbani hupenya ukuta ikaendelea nje kuwa roshani, ikiwa kipande kimoja. Wakati wa baridi kali zege hilo huleta ubaridi wa nje mpaka ndani, na pembe ya chumba huwa ndiyo chupa ya soda. Mkisukuma kitanda au kabati mpaka likagusa ukuta huo, hewa haipiti, maji hayakauki, na ukungu huota kimya kimya kama kawa katika kanzu iliyokunjwa ikiwa mbichi.

Haya tumejifunza kwa kuchelewa. Majira yetu ya kwanza ya baridi katika mji huu tuliziba madirisha kwa nailoni na gundi, na lile tundu la kutolea hewa bafuni tuliliziba kwa gazeti kwa kuwa lilikuwa likituletea upepo baridi. Tulijiona hodari sana. Ulipofika mwezi wa Machi tukavuta kitanda ili tufagie, na godoro lilikuwa jeusi upande mzima. Miezi mitatu tulikuwa tukinywa dawa za kikohozi, ilhali maradhi yenyewe tunayalalia.

Sisi wa pwani tulilelewa katika nyumba ambazo hewa huingia ilitakalo na kutoka ilitakalo. Hatukufunzwa kuifikiria. Huku haina budi kufikiriwa kila siku. Mnapopika washeni feni ya juu ya jiko na mfunike sufuria. Mnapooga washeni feni ya bafuni, na iachwe ikizunguka kwa muda baada ya kutoka. Nguo zisianikwe chumbani anapolala mtoto. Hata kukiwa na theluji, fungueni madirisha wazi kabisa kwa dakika tano au kumi kisha mfunge. Ni bora kuliko kuliacha dirisha na mwanya kutwa nzima mkaugandisha ukuta. Kipima unyevu kidogo si ghali, nacho hukata maneno: Wizara ya Afya ya Kanada inashauri unyevu wa ndani uwe baina ya asilimia 30 na 50, na wakati wa baridi ukaribie ile 30. Vioo vikilia asubuhi, unyevu umezidi, na mashine ya kuongeza unyevu izimwe.

Unyevu ndio pia unaowastawisha wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho, wanaokaa katika magodoro, mito na mazulia, na ambao humzidishia mwenye pumu tabu usiku. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto. Mazulia mazito tunayoyapenda sebuleni yasiwekwe chumbani mwa mwenye kifua, mkeka unamtosha.

Ukungu wenyewe, ukiwa ni doa lisilofika mita moja mraba, mwaweza kuusafisha kwa maji na sabuni ya vyombo, mkiwa mmevaa glavu na barakoa, kisha mkaushe vizuri. Hiyo dawa kali ya klorini, jiki kama tuiitavyo, haihitajiki, na moshi wake humdhuru yule yule mgonjwa. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kuufunika tu.

Sasa tunafika mahali pagumu, nalo ni chetezo. Hatukusudii kumkataza mtu udi wake. Nyumba yetu wenyewe hunukia kila Alhamisi jioni. Lakini moshi wa udi na ubani ni moshi, na pafu la mwenye pumu halibagui harufu nzuri na mbaya. Asiwemo chumbani wakati wa kufukiza, na dirisha liwe wazi. Makaa yanayowaka, hata yale madogo ya duara, hutoa pia hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Chetezo kisiachwe kikiwaka chumba kikiwa kimefungwa na watu wamelala.

Walakini kuna siku ambazo shauri la kufungua dirisha hugeuka. Mwezi wa Juni 2023 moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua Quebec na Ontario uliufunika mji huu, na tarehe 28 hewa ya Toronto ilikuwa miongoni mwa hewa mbaya kabisa duniani. Siku kama hizo fungeni madirisha na mtumie mashine yenye chujio, mkiwa nayo.

Turudi kwa mama yule na wasimamizi wake. Sheria ya Ontario ya mwaka 2006 kuhusu nyumba za kupanga humtaka mwenye nyumba aitunze nyumba katika hali nzuri. Mji wa Toronto nao, tangu 2017, una mpango uitwao RentSafeTO kwa majengo ya ghorofa 3 au zaidi yenye nyumba 10 au zaidi. Kwanza andikeni malalamiko kwa maandishi, mtie tarehe, mweke nakala na picha. Jambo la dharura lijibiwe kwa saa 24, na lisilo la dharura kwa siku 7. Wasipojibu, pigeni simu namba 311, wakalimani wapo. Likishindikana hapo, kuna Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, kwa fomu iitwayo T6. Kodi msiizuie, maana hapo ndipo wengi wetu hujitia makosani bure.

Najua kuna wenye hofu kwa ajili ya karatasi zao. Tangu 2013 baraza la mji limethibitisha kwamba huduma zake hutolewa kwa kila mkaazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. Wala mpangaji hatolewi nyumbani kwa kuwa amelalamika; sheria ile ile hulitaka Baraza likatae kumtoa ikiwa hiyo ndiyo sababu.

Kitanda cha mtoto kimekwisha vutwa ukutani, picha zimepigwa, na barua tumeiandika pamoja tukaipeleka. Tunahesabu siku saba. Mwenye haja ya barua ya namna hiyo atukute baada ya sala ya Ijumaa. Nakala tunazo, na kalamu tutakuja nayo.

Wassalaam.