Jua halijaua sukuma zako

Wacha niseme, halafu mnitukane. Kila Januari wimbo ni uleule: "Kiangazi kimeingia, bustani ingoje mvua ya Machi." Mtu huyohuyo anamwaga karai zima la maji ya kusuuza nguo kwa mtaro, anavaa slipa, anaenda kununua sukuma.

Niliacha chuo karo ilipomshinda mathe, kwa hivyo hesabu za jikoni nazijua. Kwetu ploti mfereji hutoka mara mbili kwa wiki. Siku zingine tunanunua mtungi wa lita 20. Na bado nina magunia 4 ya sukuma kando ya ukuta, na hakuna hata moja linalokunywa maji safi. Yanapata ya kuosha mchele na ya kusuuza nguo. Yale ya kwanza yenye sabuni nyingi au jiki yanaenda chooni. Namwagilia jioni, jua likishatulia. Katikati ya gunia kuna nguzo ya kokoto, maji yanapitia hapo hadi miche ya chini. Juu nimefunika na nyasi kavu. Vidukari wakija, nawaponda na vidole.

Jirani akaniuliza, "Si unaharibu maji?" Naharibu aje, na yameshafanya kazi? Anayeharibu ni yule anayeyatumia mara moja tu.

Sisemi serikali isituletee maji. Walete, ni haki yetu. Lakini mathe hawezi kupika ahadi. Kesho ukifua, usimwage. Anza na gunia moja.