Idara na TEHAMA vyuoni: Wakati wa kulima shamba moja

Siku ya mwisho ya kuingiza matokeo ya mitihani huwa ndefu katika vyuo vikuu vingi nchini. Saa mbili usiku mkuu wa idara bado yuko ofisini, alama za wanafunzi 300 ziko kwenye kompyuta yake, na mfumo wa chuo unazikataa. Anapiga simu Kitengo cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA). Kijana aliyeko zamu anamjibu kwamba mfumo hauna tatizo, bali faili la idara ndilo halikuandaliwa kwa mpangilio unaotakiwa. Mkuu wa idara naye anasema hakuna aliyewahi kumweleza mpangilio huo. Kila mmoja anasema kweli, na hapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hapa ni mwanafunzi. Matokeo yake yakichelewa kufika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), fedha zake za kujikimu nazo hucheleweshwa. Mzazi aliyeuza mahindi ili kulipa ada anaambiwa malipo hayaonekani, ilhali risiti anayo mkononi. Ofisi ya fedha inamwelekeza TEHAMA, TEHAMA inamrudisha ofisi ya fedha, na siku ya usajili inapita.

Zamani ilikuwapo sababu ya kusingizia. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, vyuo vilitegemea sana intaneti ya setelaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Wakati huo kila kilichokwama kilisemwa ni "netiweki". Tangu mikongo ifike, kisingizio hicho kimepungua nguvu, na wakati huohuo kazi za chuo zinazopita kwenye kompyuta zimeongezeka mno. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilipoacha utaratibu wa udahili wa pamoja mwaka 2017, waombaji walianza kupeleka maombi yao moja kwa moja vyuoni. Ada katika vyuo vya umma hulipwa kwa namba ya malipo kupitia mfumo wa Serikali wa GePG. Ununuzi wa umma nao umehamia kwenye mfumo wa NeST tangu 2023. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi vilipofunguliwa Juni 1 mwaka huo, vingi havikuweza kuhamishia masomo yote mtandaoni. Pale ilionekana wazi kwamba mashine peke yake haifundishi.

Hata hivyo, mahusiano kati ya idara na TEHAMA katika vyuo vingi bado ni yale ya zimamoto. Wataalamu wa kompyuta huitwa moto ukiwa umeshawaka. Idara inapata mradi wa utafiti, inanunua mashine ya maabara yenye programu yake, inatia saini mkataba na muuzaji, halafu siku mashine inapofika ndipo TEHAMA inapoambiwa iiunganishe. Hapo hugundulika kwamba programu haiendani na kompyuta zilizopo, au kwamba leseni yake ni ya mwaka mmoja na fedha za mradi zinakwisha mwaka huohuo. Mashine inafunikwa kitambaa na kubaki kuwa pambo la maabara.

Hasara kubwa zaidi haionekani kwa macho. Mtafiti wa kilimo anaweza kukusanya takwimu za majaribio ya mbegu katika mashamba ya wakulima kwa misimu mitatu, akazihifadhi zote katika kompyuta moja ya mkononi. Kompyuta ikiibwa ndani ya basi au ikiingia virusi, misimu mitatu imekwenda. Kompyuta nyingine inaweza kununuliwa, lakini mvua za mwaka uliopita hazinunuliki. Wakulima waliotoa viwanja vyao na jasho lao bure hawapati jibu walilongojea. Katika visa vya namna hii, mara nyingi chuo kina seva yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi nakala. Mtafiti hakujua, na aliyejua hakuulizwa.

Lawama haziko upande mmoja. Wapo wataalamu wa TEHAMA wanaomjibu profesa kwa lugha ya mitambo isiyoeleweka, kisha wakimwona ameshindwa hucheka wakiwa peke yao. Wapo wanaobadilisha mfumo katikati ya wiki ya mitihani kwa kuwa kalenda ya chuo hawakuitazama. Idara nazo zina yao: nywila moja hutumiwa na watu watano, akiwamo karani aliyekwisha kuhamishwa. Jambo hili si utani tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za wanafunzi ni miongoni mwa zinazolindwa nayo.

Dawa ya ugonjwa huu haihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa sekta ya kilimo imekwisha kuupitia. Kwa miaka mingi bwana shamba alifika kijijini na maelekezo yaliyoandikwa mjini, akawasomea wakulima, akaondoka. Wakulima waliitikia kwa adabu na kuendelea na yao, naye akarudi kuripoti kwamba wakulima ni wagumu kubadilika. Mwaka 1989 huko Indonesia, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilishiriki kuanzisha utaratibu tofauti katika mashamba ya mpunga yaliyokuwa yakishambuliwa na wadudu. Wakulima na mtaalamu walikutana shambani kila wiki, wakahesabu wadudu pamoja, wakaamua pamoja kama kuna haja ya kupiga dawa. Ndiyo mbinu inayojulikana nchini kwa jina la shamba darasa.

Siri ya shamba darasa ni kwamba mtaalamu huona mmea kwa macho ya mkulima, na mkulima hupata sababu ya ushauri anaopewa. Vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kilichoanzishwa 1984, hufundisha ugani wa namna hiyo. Ni ajabu basi kwamba elimu inayotolewa kwa ajili ya vijiji haitumiki kati ya jengo moja la chuo na jengo la pili.

Hatua ya kwanza ni kila idara kuwa na mratibu wake wa masuala ya TEHAMA, mtu anayefahamu kazi za idara, ambaye saa anazotumia kwa kazi hiyo zinapunguzwa katika mzigo wake wa kufundisha. Akipewa jukumu hilo kama nyongeza, litakufa ndani ya muhula mmoja. Kitengo cha TEHAMA nacho kimpangie kila mtaalamu idara zake chache, ahudhurie vikao vyao, na akae siku nzima katika ofisi ya mitihani wakati wa kuingiza matokeo. Siku moja ya kukaa pale itamfundisha mengi kuliko malalamiko mia moja ya barua pepe.

Pili, iwepo kalenda moja. Wiki za usajili, mitihani na matokeo zitangazwe kuwa za kutogusa mifumo, isipokuwa kwa dharura. Tatu, kila idara iandikiane na TEHAMA makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi: tatizo la aina gani linashughulikiwa kwa saa ngapi, na idara nayo inatakiwa kuleta nini na lini. Nne, ombi lolote la ununuzi wa vifaa au programu lisiingie kwenye NeST kabla ya kuwa na saini za pande zote mbili, na maandiko ya miradi yawe na fungu la matengenezo na la kuhifadhi takwimu.

Wako watakaosema kwamba TEHAMA haina watu wa kutosha, na kwamba wenye ujuzi hukimbilia benki na kampuni za simu kwenye mishahara minono. Hoja hiyo ina uzito, wala kikao hakiongezi mshahara. Lakini watumishi wachache ndio hasa wasiostahili kupotezewa usiku mzima kwa faili ambalo lingeweza kurekebishwa wiki mbili kabla. Tena, si fedha tu zinazomfukuza mtu kazini. Mtaalamu anayeitwa "fundi" na kukumbukwa wakati wa lawama tu hana sababu ya kubaki.

Makubaliano hayo yatabaki karatasi kama uongozi wa juu hautayasimamia. Makamu Mkuu wa Chuo anayepitisha ununuzi wa profesa mashuhuri bila saini ya TEHAMA atakuwa ameubomoa utaratibu mzima kwa siku moja.

Suala hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 za Marekani mwaka 2021, umeelekeza fedha nyingi katika majengo, maabara na mifumo ya vyuo vya umma. Ni mkopo, na utalipwa na walipakodi, wakiwamo wakulima ambao hawajawahi kuingia katika lango la chuo kikuu. Wana haki ya kuona mashine hizo zikifanya kazi, na matokeo ya majaribio yaliyofanyika mashambani kwao yakiwarudia. Hilo litaanza siku mkuu wa idara na mtaalamu wa TEHAMA watakapokaa meza moja kabla ya kununua, badala ya kutafutana kwa simu saa mbili usiku.