Songwe si mkoa wa kuandikwa ndani ya msimbo

Aplikesheni nyingi zinazotaka kujua Mtanzania anakaa wapi huanza kwa kumuuliza mkoa. Akichagua mkoa zinatokea wilaya, akichagua wilaya zinatokea kata. Kwa anayebofya ni kazi ya sekunde chache. Kwetu sisi tunaoandika programu hizo, hapo ndipo uvivu wetu unapoonekana.

Ngazi hizo tatu hazikuwekwa kwa urembo. Kata ya Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Tanga na iko Mbeya. Ukiandika “Majengo” peke yake hujaandika kitu. Kata lazima ikae ndani ya wilaya yake, na wilaya ndani ya mkoa wake, kama masufuria ya Kariakoo yanavyouzwa yakiwa yametiwa moja ndani ya jingine. Tena orodha yote inatakiwa iwe tayari tangu aplikesheni inapofunguliwa mara ya kwanza, maana mwenye simu huenda hana bando na mtandao umegoma. Kwa hiyo aplikesheni lazima ije na orodha yake tumboni. Swali ni moja tu: iwekwe wapi, na kwa mpangilio gani?

Wengi wetu tunaiandika ndani ya msimbo wenyewe, katikati ya amri. Hilo sina la kulisema zaidi ya kwamba ni vibaya. Macintosh ya mwaka 1984 tayari ilikuwa na utaratibu wa kuweka maneno ya menyu, picha na madirisha pembeni ya amri, kazi iliyofanywa na Bruce Horn, ili mtu abadilishe neno bila kuugusa msimbo. Android nayo ina folda ya rasilimali iitwayo res. Maneno ya Kiswahili yana folda yake humo, values-sw, na orodha fupi kwa desturi huwekwa kwenye faili la arrays.xml.

Mtego uko kwenye faili hilo la mwisho. Orodha yake ya maneno ni ya ngazi moja: unapanga maneno, moja chini ya jingine, basi. Haijui kwamba Mbozi ni mtoto wa Songwe. Kwa hiyo mwandishi wa programu anatunga orodha mbili, moja ya mikoa na nyingine ya wilaya, halafu anazifunga kwa nafasi: mkoa wa nne kwenye orodha hii, wilaya zake ni fungu la nne kwenye ile. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri sana, na ubaya wake ni huo.

Hesabu mikoa ya Bara kwa alfabeti kama ilivyokuwa kabla ya 2012: Arusha, Dar es Salaam, Dodoma, Iringa. Iringa ni ya nne. Mwaka 2012 ikaja mikoa minne mipya, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Geita ikakaa baada ya Dodoma, ikawa ya nne, Iringa ikasogea. Sasa fikiria mfumo uliokuwa unahifadhi namba 4 badala ya jina. Wateja wake wote wa Iringa walihamia Geita usiku mmoja bila kupanda basi.

Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kwa alfabeti inaingia kati ya Singida na Tabora. Mtu akiongeza jina hilo kwenye orodha ya mikoa akasahau ile ya wilaya, anayechagua Songwe anapewa wilaya za Tabora, wa Tabora anapewa za Tanga, na wa Tanga, ambaye ndiye wa mwisho, aplikesheni inamfungia mlango na kuzima.

Hili silitungi. Mama yangu anaishi Vwawa, wilayani Mbozi. Alikuwa anajisajili kwenye aplikesheni moja ya mikopo midogo, akakwama, akanipigia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nisaidie. Hii simu inaniambia nichague Igunga, Nzega au Urambo. Mbozi wameihamishia wapi?”

Nikamwambia aiache. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba kuna kijana mahali fulani aliongeza mstari mmoja tu.

Wapo wanaopita njia ya kati: kila mkoa unapewa orodha yake, halafu inatungwa orodha kuu inayozitaja hizo ndogo. Android inaruhusu, na kwa mikoa na wilaya unaweza kuvumilia. Ukifika kwenye kata inakuwa adhabu. Kila orodha inataka jina lisilo na nafasi, Mjini Magharibi inageuka mjini_magharibi, na faili linajaa marejeo ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeyapitia.

Mimi nasimama na faili moja la JSON, likae kwenye folda ya raw, lenye sura ya nchi yenyewe: Songwe, ndani yake Mbozi, ndani yake Vwawa na Mlowo. Kila eneo liwe na namba yake isiyobadilika hata majirani wakiongezeka, na kinachohifadhiwa kwenye kanzidata kiwe namba hiyo, kamwe si nafasi kwenye orodha. Juu ya faili pawe na tarehe ya toleo. Lisomwe pembeni ili skrini isigande, na mtandao ukipatikana aplikesheni iulize kama kuna toleo jipya zaidi. Lile lililokuja nayo libaki kuwa akiba.

Rafiki yangu mmoja wa kazini hunipinga. Anasema faili la JSON halikaguliwi wakati programu inajengwa, mkato mmoja ukikosekana utaujua kwenye simu ya mteja. Kweli. Ndiyo maana lazima kuwe na jaribio linalolisoma faili zima na kukataa kutoa toleo kama kuna wilaya isiyo na kata au namba iliyojirudia. Ni kazi ya mchana mmoja.

Wakenya wana nafuu kidogo. Kaunti zao 47 zimetajwa ndani ya Katiba ya 2010, na kuzibadilisha si jambo la wiki moja. Kwetu Katiba inampa Rais mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya, na mamlaka hayo yanatumika. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na wilaya tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, ndipo zikaja Ubungo na Kigamboni. Anayeandika programu Tanzania huku akidhani ramani imeshakamilika hasomi magazeti.

Serikali nayo ina sehemu yake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia namba za mikoa, wilaya na kata kwenye sensa. Ombi langu ni kwamba orodha hiyo itolewe kama faili moja la wazi linalosomeka na kompyuta, lenye tarehe na maelezo ya kilichobadilika, siku ileile tangazo la eneo jipya linapotoka. Kila kampuni isiachwe ikinakili majina kwa mkono.

Na wewe mwenzangu unayeandika programu, fungua aplikesheni yako leo. Chagua Songwe, halafu Tabora, halafu Tanga. Ukiona Lushoto imetokea chini ya Tabora, usingoje mteja akupigie.