KUMUUGUZA MGONJWA NYUMBANI SIYO KAZI YA MWANAMKE MMOJA



Mgonjwa wa kiharusi akiruhusiwa kutoka hospitali, majirani huja na ndizi na mchele, wanampa pole, basi, wanaondoka. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Kule wauguzi walikuwa wa zamu. Nyumbani zamu ni ya mkewe, mchana na usiku.

Mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa anatoka vidonda vya kulalia. Aketishwe wakati wa kula asije akapaliwa. Mkono na mguu vinyooshwe kila siku kama mtaalamu wa viungo alivyoelekeza, maana miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa.

Bibi mzee ataweza peke yake? Na mkwe, kwa mila zetu Wanyakyusa, hamsogelei baba mkwe, sembuse kumwogesha! Wanaobaki ni wana wa kiume. Nao wako wapi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Sawa. Lakini familia siyo mwanamke mmoja.

Tunasema hivi:
1. Wana wa kiume washike zamu za usiku.
2. Ushirika upalilie mpunga wa nyumba yenye mgonjwa.
3. Tuchange nauli ya kumrudisha kliniki.

Msiba tunachanga siku hiyo hiyo. Mbona mgonjwa tunamngoja afe kwanza?

Tulijadili mkutanoni.