Konokono wa Malagarasi naye ahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Huku Kasulu na Kibondo ukitaja konokono wa mtoni, mtu anafikiria kichocho. Ni haki yake. Ugonjwa huo umetutesa. Lakini wanaoubeba ni jamii za Biomphalaria na Bulinus. Mto Malagarasi una konokono mwingine, Potadomoides pelseneeri, aliyepewa jina hilo mwaka 1953 kutokana na wale wa delta ya mto huo. Jamii yake haitagi mayai: mama hubeba watoto mwilini hadi wawe na magamba. Wataalamu wamewachunguza sana wakitafuta asili ya konokono wa Ziwa Tanganyika.

Mradi wa umeme wa maporomoko ya Igamba kwenye mto huohuo, uliokuwa ufadhiliwe na Marekani kupitia shirika la MCC, uliachwa baada ya uchunguzi wa mazingira kuonyesha viumbe adimu wa majini. Wengi tulikasirika, maana giza tulilijua. Umeme tunauhitaji, nasema bila kusita. Ila chura wa Kihansi alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, baada ya bwawa la umeme kupunguza maji yake, na huyo angalau alikuwa amehesabiwa.

Mto Ruchugi unapita kwetu ukielekea Malagarasi, na mvua zikinyesha unabeba udongo wa mashamba yanayolimwa hadi ukingoni. Konokono hawezi kukimbia tope. Naomba taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI Kigoma, iwezeshwe kumtafuta konokono huyu katika mto mzima, na halmashauri zetu zisimamie mita 60 za hifadhi ya kingo zilizomo kwenye sheria.

Msomaji wako,
Kasulu